UMEUMIA KAZINI? FIDIA NI HAKI YAKO, LAKINI TOA TAARIFA MAPEMA

Na Bwana Shamba, Songea

Katika mkoa wetu wa Ruvuma watu wengi wanalima mashamba yao wenyewe. Lakini wengi pia wanafanya kazi ya kuajiriwa. Wapo vijana wanaochuma kahawa Lipokela na Mbinga. Wapo wanaochimba makaa ya mawe Ngaka. Wapo madereva na matingo wa malori. Wapo makuli wanaobeba magunia katika maghala ya mahindi mjini Songea. Wapo vijana wa mashine za kusaga na kukoboa mahindi, ambazo siku hizi ziko karibu kila kijiji.

Kazi hizi zinaleta fedha nyumbani. Pia zinaleta ajali. Mkanda wa mashine unakamata mkono. Gunia linaanguka na kuvunja mguu. Lori linapinduka. Panga linateleza.

Mkono ni jembe la kwanza la mkulima. Mkono ukikatika, si mtu mmoja tu anayeumia. Mke anaumia, watoto wanaumia, na wazazi waliokuwa wakimtegemea wanaumia pia. Kwa sababu hiyo nchi yetu ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Sheria hiyo inasema kwamba mtu akiumia kwa sababu ya kazi yake, anatibiwa na analipwa.

Watu wengi vijijini hawaijui sheria hii. Wengine wameisikia, lakini wanadhani ni ya watu wa ofisini tu. Wengine wanaumia, wanakaa kimya, na mwaka unapita. Mwaka ukipita, haki inaweza kupotea. Tusome pamoja ili tujue la kufanya.

WAZEE WETU NA MKONGE

Wazee wa Songea wanalikumbuka neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua. Ofisi hiyo iliitwa SILABU. Wanaume wengi wa Songea waliandikishwa, wakapewa namba, wakapelekwa mbali kukata mkonge. Wengi walikwenda Tanga.

Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu. Miiba ilichoma macho na miguu. Kiwandani palikuwa na mashine kubwa ya kuchambua majani ya mkonge. Watu waliiita korona. Mtu akikosea kidogo, mkono wake ulikuwa hatarini.

Sheria ya fidia ilikuwapo hata wakati ule. Serikali ya Mwingereza iliitunga mwaka 1948. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na manamba wengi hawakujua kusoma hata Kiswahili. Isitoshe, mwajiri mwenyewe au kampuni yake ya bima ndiyo iliyotakiwa kulipa. Mfanyakazi alilazimika kumdai bwana wake. Ni wangapi waliweza kufanya hivyo?

Sheria ile iliendelea kutumika miaka mingi hata baada ya Uhuru. Viwango vyake vilibaki vidogo huku bei za vitu zikipanda. Mwishowe hata mtu aliyepata ulemavu mkubwa wa maisha hakuweza kupata shilingi laki moja na nusu. Fedha hiyo haimsomeshi mtoto hata mmoja.

Wenzetu wa nchi nyingine walipita njia hiyo hiyo. Ujerumani iliweka bima ya lazima ya ajali za kazini kwa wafanyakazi wake mwaka 1884. Mwanzoni watu walifikiri ajali ni jambo la viwandani tu. Mkulima wa kuajiriwa alisahauliwa. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba, na mkataba huo unasema kwamba wafanyakazi wa mashambani nao wapate fidia kama wenzao. Kwa hiyo, msomaji, usikubali kuambiwa kwamba fidia si ya watu wa shamba.

SHERIA TULIYO NAYO SASA

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya, nayo ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Watu wengi huuita WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015. Ulianza kulipa mafao Julai 2016. Mfuko huu ni wa Tanzania Bara.

Je, fedha za Mfuko zinatoka wapi? Zinatoka kwa waajiri. Kila mwezi mwajiri anatoa mchango. Hapo mwanzo waajiri wa sekta binafsi walitoa asilimia 1 ya mishahara. Mwaka 2021 kiwango kilishushwa, na mwaka 2022 kikashushwa tena. Sasa ni nusu ya asilimia 1, sawa na waajiri wa serikali.

Tufanye hesabu. Mwajiri ana watu 10. Kila mmoja anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Mishahara yote ni shilingi 2,000,000. Mchango wake ni shilingi 10,000 tu kwa mwezi, na huo ni kwa watu wote 10.

Kumbuka jambo hili: mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili ya Mfuko huu.

Hapo ndipo sheria mpya inapotofautiana na ile ya zamani. Leo mfanyakazi aliyeumia hamwombi bwana wake huruma. Anadai kwa Mfuko. Wala haulizwi kwanza kosa ni la nani. Hata kama uliteleza mwenyewe, au ulisahau jambo dogo, bado una haki. Lakini mtu aliyejiumiza kwa makusudi ili alipwe, huyo hana haki.

NANI ANAHUSIKA?

Anahusika kila mtu aliyeajiriwa, serikalini au kwa mtu binafsi. Anahusika mwenye mkataba wa maandishi. Anahusika pia aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo. Kibarua naye anahusika, ikiwa ameajiriwa kufanya shughuli ya mwajiri wake. Mwanagenzi anayejifunza kazi naye anahusika.

Ajali inayohusika ni ile iliyotokea kwa sababu ya kazi na wakati wa kazi. Kwa mfano, mchuma kahawa ameanguka kwenye mtaro akiwa na kikapu chake. Kuli ameangukiwa na gunia. Mlinzi amejeruhiwa na wezi akiwa lindoni. Vibarua wamepinduka katika gari la mwajiri lililowekwa kuwapeleka kazini. Wote hao wameumia kwa sababu ya kazi.

Nani hahusiki? Mtu anayelima shamba lake mwenyewe hahusiki. Ukijikata na panga katika shamba lako la mahindi, Mfuko hauwezi kukulipa, kwa sababu huna mwajiri. Majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako na kesho kwangu, nao hawana mwajiri. Watu hao wajiunge na bima ya afya, ili wasikwame wakati wa matibabu.

MFANO WA VIJANA WAWILI

Tuseme kuna vijana wawili. Kila mmoja anaendesha mashine ya kukoboa mahindi katika kijiji chake. Kila mmoja analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Siku moja mkanda wa mashine unakamata mkono wa kulia wa kijana wa kwanza. Anapoteza vidole 3. Siku nyingine ajali kama hiyo inampata kijana wa pili.

Kijana wa kwanza anafungwa kitambaa. Mwenye mashine anampa shilingi 50,000 na kumwambia, "Pole sana mwanangu. Nenda nyumbani upone, tutaongea." Kijana anakwenda nyumbani. Anatibiwa kwa dawa za mitishamba. Kidonda kinaoza. Baada ya wiki 3 anapelekwa hospitali. Daktari anamuuliza ameumia wapi. Yeye anaona aibu kumtaja tajiri wake, anasema, "Nilianguka nyumbani." Maneno hayo yanaandikwa katika cheti. Miezi inapita. Mashine inapata kijana mwingine. Mwaka wa pili anasikia habari za fidia, anakwenda kuuliza. Anaulizwa: Taarifa ilitolewa lini? Shahidi wako ni nani? Cheti kinasema nini? Hana jibu.

Kijana wa pili anapelekwa kituo cha afya saa ile ile. Anamwambia mganga, "Nimeumia kazini, mashine ya kukoboa imenikata." Mganga anaandika hivyo. Siku hiyo hiyo ndugu yake anakwenda kwa mwenye mashine na kutoa taarifa. Wateja 2 waliokuwa wakingoja mahindi yao wanakubali kuwa mashahidi. Majina yao yanaandikwa. Mwenye mashine anapeleka taarifa kwa Mfuko. Kijana anatibiwa bila kuuza mbuzi. Wakati anapona anapata sehemu ya mshahara wake. Baadaye madaktari wanapima ulemavu wake, naye analipwa.

Vijana hawa walipoteza vidole sawa. Sheria yao ni moja. Tofauti yao ni taarifa na karatasi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na fidia ni mali.

MAMBO 7 YA KUFANYA UKIUMIA KAZINI

1. Tibiwa kwanza. Uhai ni wa kwanza. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji matibabu makubwa utapelekwa mbele, kama vile Hospitali ya Mkoa Songea au Hospitali ya Peramiho.

2. Sema ukweli kwa mganga. Mwambie: "Nimeumia kazini." Taja kazi, mahali na saa. Hakikisha ameandika. Maneno ya mganga ni ushahidi mkubwa.

3. Mwambie mwajiri wako mara moja. Kama huwezi kwenda, mtume mtu. Ni vizuri kuandika barua fupi. Andika jina lako, tarehe, saa, mahali na namna ulivyoumia. Baki na nakala.

4. Andika majina ya walioona. Andika na namba zao za simu. Fanya hivyo mapema, kwa maana vibarua huhama.

5. Fuatilia kama mwajiri amepeleka taarifa kwa Mfuko. Sheria inampa siku 7. Siku hizi waajiri wengi wanatuma taarifa kwa mtandao. Muulize, na umwombe akuonyeshe.

6. Tunza karatasi zote. Tunza vyeti vya hospitali, picha za eksirei, risiti za dawa na nauli, barua, na karatasi za mshahara. Ziweke katika mfuko wa nailoni zisilowe.

7. Usipitishe miezi 12. Madai yanatakiwa yapelekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Kama ni ugonjwa, hesabu inaanzia siku daktari alipoutambua. Kama ni kifo, inaanzia siku ya kifo. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Je, mwajiri akikataa kupeleka taarifa? Usikae kimya. Nenda Ofisi ya Kazi ya Mkoa, Songea, au wasiliana na Mfuko wenyewe. Kama kuna chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, mwambie kiongozi wake. Kama uko mbali, mwone afisa mtendaji wa kijiji au wa kata akusaidie kuandika barua.

UTAPATA NINI?

Watu wengi wanadhani fidia ni kupewa fungu moja la fedha, basi. Sivyo. Mafao ni ya namna nyingi. Tuyatazame moja moja.

Matibabu. Mfuko unalipia matibabu ya jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi. Hii ni pamoja na dawa, upasuaji na viungo bandia.

Malipo wakati wa kupona. Daktari akisema huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi. Yule kijana wa shilingi 200,000 atapata shilingi 140,000 kwa mwezi. Malipo haya yanaweza kuendelea hadi miezi 24, kama bado hujapona.

Malipo ya ulemavu wa kudumu. Jeraha likishapona kadiri linavyoweza, madaktari wanapima ulemavu uliobaki. Wanautaja kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, yaani mara moja. Ulemavu unaozidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo usishangae wenzako wawili wakilipwa kwa njia mbili tofauti. Kila mmoja amepimwa kwa ulemavu wake na kwa mshahara wake.

Msaada wa mtu wa kukuhudumia. Mtu aliyeumia sana, asiyeweza kula wala kuoga bila msaada, anapata fedha za kumlipa anayemhudumia. Mara nyingi huduma hiyo inafanywa na mke, mama au binti, naye anaacha kazi zake zote. Sheria imelikumbuka jambo hilo.

Utengemao. Maana yake ni kumsaidia mtu arudi kazini au ajifunze kazi nyingine. Dereva aliyepoteza mguu anaweza kujifunza ufundi wa kukaa, kama vile kushona au kutengeneza simu.

KAMA MFANYAKAZI AMEFARIKI

Mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi, Mfuko unatoa msaada wa mazishi. Wategemezi wake wanapata pensheni. Wategemezi ni mjane au mgane na watoto. Wazazi waliokuwa wakimtegemea marehemu nao wanaweza kufikiriwa.

Hapa ndipo familia nyingi za vijijini zinapokwama. Mjane anaulizwa cheti cha ndoa, hana. Anaulizwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hana. Watu wa ukoo wanaanza kugombana juu ya nani alikuwa mke. Watoto wanalala njaa huku wakubwa wakibishana.

Dawa yake ni kujiandaa mapema. Akina baba, andikisheni ndoa zenu. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu. Mwajiri akiuliza majina ya wategemezi, yaandikeni yote kwa ukweli. Akina mama, jueni mume anafanya kazi wapi na mwajiri wake ni nani. Mama asiyejua jina la kampuni ya mume wake ataanza kulitafuta siku ya msiba.

Ndugu wa marehemu nao wakumbuke kwamba pensheni hii si urithi wa ukoo. Ni chakula na ada ya shule ya wale waliokuwa wakila kwa mkono wa marehemu.

MAGONJWA YANAYOTOKANA NA KAZI

Si ajali tu inayolipwa. Kuna magonjwa yanayotokana na kazi. Haya ni hatari zaidi, kwa sababu yanakuja polepole.

Mtu anayechimba au kuponda mawe anavuta vumbi. Vumbi hilo linaweza kuharibu mapafu baada ya miaka mingi. Mtu anayefanya kazi penye kelele kubwa anaweza kuwa kiziwi. Anayenyunyiza dawa za kuua wadudu bila kujikinga anaweza kupata sumu kwa njia ya ngozi na pumzi.

Wachumaji wa tumbaku wa Namtumbo na Songea wanajua jambo lingine. Ukichuma majani mabichi yakiwa na umande, mchana unasikia kizunguzungu, kichwa kinauma, unatapika. Wengine wanadhani ni malaria au wamerogwa. Hapana. Ni sumu ya tumbaku iitwayo nikotini. Maji ya umande yanaibeba, nayo inapita katika ngozi. Ngojeni umande ukauke. Vaeni mikono mirefu na glavu. Mkimaliza, ogeni kwa sabuni na badilisheni nguo.

Ukiugua namna hiyo katika shamba la mwajiri, mweleze daktari kazi unayofanya. Asipojua kazi yako, atatibu homa tu na chanzo kitabaki. Mficha maradhi, kilio humfichua.

WEWE MKULIMA, HUENDA NI MWAJIRI

Tumesema mengi juu ya mwajiri. Pengine unadhani mwajiri ni kampuni kubwa yenye geti na mlinzi. Lakini hebu tazama. Mwenye mashine ya kusaga aliyemweka kijana, huyo ni mwajiri. Mwenye lori aliyemweka dereva na utingo, huyo ni mwajiri. Mkulima wa kahawa au tumbaku anayeweka wafanyakazi wa kumlimia kwa mshahara, naye ni mwajiri. Chama cha ushirika chenye karani na mlinzi wa ghala ni mwajiri.

Mwajiri anatakiwa kujiandikisha katika Mfuko na kutoa mchango. Wengine wanakwepa wakidhani wanaokoa fedha. Tumeona kwamba mchango wa watu 10 waliotajwa hapo juu ni shilingi 10,000 kwa mwezi, fedha isiyofika bei ya jogoo mzuri. Ukikwepa, umevunja sheria. Na siku ya ajali utauza ng'ombe kumtibu mtu wa watu, na ugomvi na ukoo wake utabaki palepale.

Mwajiri mwema pia anaweka daftari. Aandike majina ya wafanyakazi wake, siku walizofanya kazi na fedha alizowalipa. Daftari hilo linamlinda mfanyakazi. Linamlinda na mwajiri mwenyewe, asije akadaiwa na mtu asiyemwajiri.

MASWALI YA WANAKIJIJI

Katika mikutano ya vijiji maswali kama haya huulizwa mara nyingi. Haya ni majibu yake.

"Bwana shamba, mimi ni kibarua, sina karatasi yoyote ya kazi. Nitathibitishaje?"

Kijana wangu, karatasi si ushahidi pekee. Wenzako waliofanya kazi nawe ni mashahidi. Daftari la mnyapara lenye jina lako ni ushahidi. Ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba mwajiri alikutumia malipo ni ushahidi. Usiufute. Lakini ni bora kudai maandishi tangu siku ya kwanza ya kazi.

"Mwajiri amenipa shilingi laki 2, anataka niweke sahihi kwamba sidai tena. Nifanyeje?"

Usiweke sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma. Kama unajua kusoma, isome mara mbili. Kama maneno ni magumu, mwombe mtu unayemwamini akusomee, kisha uipeleke Ofisi ya Kazi. Msaada wa mwajiri ni jambo jema, mshukuru. Lakini haki uliyopewa na sheria haiuzwi kwa makubaliano ya pembeni.

"Mwajiri wangu hajajiandikisha katika Mfuko. Je, nimekosa?"

Hapana mama. Kujiandikisha ni wajibu wa mwajiri, si wako. Kosa ni lake. Wewe peleka taarifa yako Ofisi ya Kazi au kwa Mfuko, ueleze hivyo.

"Ninaogopa nikidai nitafukuzwa kazi."

Hofu hiyo ipo kwa wengi. Lakini fikiri vizuri. Huombi fedha za mfukoni mwa mwajiri. Fedha inatoka katika Mfuko ambao yeye anauchangia kila mwezi kwa ajili ya siku kama hiyo. Mwambie hivyo kwa upole. Akikufukuza kwa sababu umedai haki yako, nenda Ofisi ya Kazi upewe msaada wa kisheria.

"Nimepimwa, lakini asilimia niliyopewa naona ni ndogo."

Unaweza kupinga. Andika barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, ueleze sababu, uambatishe vyeti vya daktari. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Waziri anayehusika na kazi. Fanya haraka, kwa sababu mapingamizi nayo yana muda wake.

KINGA NI BORA

Fidia ni kitu kizuri, lakini hakuna fidia inayootesha kidole. Kwa hiyo tujikinge.

Mkanda wa mashine uwekewe kifuniko. Mtu asiupandishe mkanda mashine ikiwa inazunguka. Kijana wa mashine asivae shati lililofunguka wala kitambaa kinachoning'inia. Akina mama wanaoleta mahindi wasisogee karibu na mashine wakiwa na kanga na watoto mgongoni. Mnyunyizaji wa dawa avae buti, glavu na kinga ya mdomo na pua, na asinyunyize kuelekea upepo. Magunia yapangwe vizuri yasije yakaporomoka. Watu wasipakiwe juu ya mizigo katika lori.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi katika hali ya usalama. Mfanyakazi naye anatakiwa kutumia vifaa vya kinga anavyopewa. Buti zilizotundikwa ukutani hazikingi mguu.

Ndugu msomaji, wazee wetu walipokwenda mkonge hawakuweza kuisoma sheria yao. Wewe unasoma. Chukua gazeti hili, mkalie baraza jioni. Msomee kijana anayejiandaa kwenda kuchuma kahawa. Msomee utingo aliyekuja likizo. Msomee mwenye mashine pia.

MANENO YA KUKUMBUKA

Fidia: malipo ya kumsaidia mtu aliyepata hasara au kuumia.
Mafao: faida au malipo ambayo mtu anastahili kwa mujibu wa sheria.
Mtegemezi: mtu aliyekuwa akitunzwa na mwingine.
Mkupuo: malipo yanayotolewa yote mara moja.
Pensheni: malipo yanayotolewa kila mwezi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani anayetoa mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?
2. Kijana wa kwanza wa mashine alifanya makosa gani? Yataje yote.
3. Mfanyakazi anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Amevunjika mguu na yuko nyumbani anapona. Atalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?
4. Madai yanatakiwa yapelekwe katika muda gani?
5. Katika kijiji chenu ni nani waajiri? Je, wamejiandikisha?
6. Mashine ya kijiji chenu ina kifuniko cha mkanda? Kama haina, mtafanya nini wiki hii?